Chukua Pikipiki Yako

Mejumaa mwanangu,

Usipande gari kesho. Chukua pikipiki yako uende nayo Samburu kama ulivyokusudia tangu mwanzo. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua barua za baba husomwa mstari wa kwanza na wa mwisho, katikati pakarukwa, na mimi leo sina nguvu ya kuandika nyingine.

Shikamoo ya jioni ulinipa, lakini ulinipa huku umeinama unakusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. Niliitika. Sijui kama ulinisikia. Halafu ukaingia chumbani, na mamako akanitazama kwa lile jicho lake unalolijua, akaondoka na taa ya jikoni. Nimebaki hapa mezani na biki ya mdogo wako inayoandika inapotaka yenyewe.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mamako amekwambia habari za neti, za maji ya kuchemsha, za watu wa kuwaamini na wa kutowaamini, na za dada yake wa Kinango ambaye usipompitia atanuna mpaka Idi. Alipomaliza alianza tena. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ile injini, na yale niliyokwambia juu yake mbele ya wali wa nazi uliopikwa kwa ajili yako. Nitalieleza kuanzia mwanzo ingawa nusu yake unaijua, maana nikiruka nitapotea mimi mwenyewe.

Umeinunua pikipiki hii kwa jasho lako la duka la dawa za mifugo pale Ukunda. Siku ulipoileta nyumbani uliniachia ufunguo ukasema, Baba, nizoeshee injini mpaka nimalize kazi ya watu, nataka niondoke nayo ikiwa tayari. Kule Samburu, mbele ya Kinango, wanakungoja wafugaji ambao ng'ombe wao hawakai karibu na barabara, na daktari wa mifugo asiye na cha kupanda huyo ni mgeni tu anayetembea na mkoba wa sindano. Nililijua hilo. Na ombi lako lilinifurahisha kuliko kanzu ya sikukuu, kwa mtu kama mimi aliyeanza bodaboda wewe bado hujang'oa meno ya utoto.

Leo umerudi, umetazama ile geji ya kilomita, umekuta imesogea kidogo kama mtu aliyekwenda kuchota maji akarudi. Ukaniuliza kulikoni. Nikakwambia injini bado haijawa tayari, ikienda safari ya Samburu sasa hivi itaungua, inataka wiki mbili nyingine hapa Msambweni. Nilisema kwa sauti ya fundi. Ukasema basi utaondoka na gari, na pikipiki itabaki kwangu. Na ulipofika mlangoni ukageuka.

"Baba, wewe wataka nisiende?"

Nikasema chai imepoa. Hilo ndilo jibu nililokupa, na chai yenyewe ilikuwa bado inafuka.

Sasa nianze na makosa yangu, kwa sababu hayo ndiyo mali ninayoijua vizuri. Pikipiki yangu ya kwanza mpya niliipata ukiwa darasa la pili. Kabla yake nilikuwa nikiendesha za watu. Mamako aliifukiza ubani, bibi yako akainyunyizia marashi mpaka kiti kikalowa, nami siku ya kwanza niliisukuma hadi barabarani badala ya kuiwasha, kwa jinsi nilivyoionea huruma. Aliyeniuzia alikuwa amenipa maneno machache: kwanza usiivute sana, usiibebeshe, oili ya mwanzo ibadilishe mapema. Niliyasikia kama watu wanavyosikia dua ya mwisho wa hotuba ndefu, wanaitikia amina huku macho yakitafuta viatu.

Haikupita wiki ikaja harusi upande wa Chande. Chande unamjua, huyu huyu wa stegi yetu ya bodaboda ambaye hata leo akikuona anakuita mkwe. Tulikuwa tunamchukua bi harusi hapa Msambweni kumpeleka Ukunda, na desturi yetu watu wa bodaboda unaijua: pikipiki iliyo mpya kuliko zote ndiyo hutangulia gari la bi harusi, ikafungwa leso kwenye vioo, na zile nyingine zikaifuata. Ile mpya ilikuwa yangu. Chande akanifungia leso kwa mikono yake. Nyuma nikapakiwa mashangazi wawili wenye miili yao, mmoja ameshika sinia la halua.

Kabla ya kuondoka tulisimama mbele ya nyumba tukapiga resi. Pikipiki zimesimama, injini zinalia, wanawake wanapiga vigelegele, na kila walipozidisha vigelegele mimi nikazidisha mkono. Nilisikia joto likinipanda mapajani na harufu ya chuma kipya kinachoungua. Nilijua, Mejumaa. Sikuwa mjinga wa kutojua. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwangu, na mimi katika maisha yangu sikuwa nimewahi kutangulia mahali popote. Mpaka Ukunda sikuulegeza mkono.

Fundi Nyawa ndiye aliyenieleza baadaye kilichotokea mle ndani, na nakueleza wewe kwa maneno yangu. Pistoni ya injini mpya hupanda na kushuka ndani ya silinda, na pistoni hiyo imevishwa ringi. Vyuma hivyo bado havijajuana. Vyataka visuguane kwa kiasi, leo kidogo kesho kidogo, mpaka kila kimoja kikae kwenye umbo la mwenzake na oili isipate pa kupenya. Ukivichomea ghafla vikiwa vipya, vinachubuana. Baada ya hapo oili inapita inapotaka, inaungua pamoja na petroli, na wewe unafuatwa na moshi wa samawati kila unakokwenda.

Mimi nilifuatwa nao miaka. Nilikuwa naongeza oili kila Ijumaa kabla ya kuoga. Abiria wakaanza kunikwepa kwa sababu harufu ilikuwa inakaa kwenye mabuibui yao. Nikasema ni petroli ya siku hizi, imechanganywa. Nikasema pikipiki yenyewe imekuja mbovu kutoka dukani. Nyawa aliponiuliza niliizoesha vipi, nikamwambia niliizoesha kama inavyotakiwa, na nikamgombeza kwa kuniuliza. Naye akarudi kwenye spana zake. Kwa kweli hakuna kitu kinachochosha mwili kama kuendesha kitu ulichokiharibu mwenyewe huku ukimlaumu mwingine. Jioni nilikuwa nafika nyumbani sina hata hamu ya kuzungumza na nyinyi, na mkiniuliza nasema ni jua.

Kisha ikaja siku ya kukupeleka shule ya bweni Kwale. Hii unaikumbuka, hatujawahi kuizungumza. Sanduku la bati nililiweka mbele yangu juu ya tangi, wewe katikati, godoro limefungwa nyuma yako kwa mpira. Mamako alikuwa ameshauri tupande gari nikakataa, nikasema mwanangu atafika shule kwa pikipiki ya babake. Kutoka Kombani tuliuanza mlima vizuri. Kufika katikati ikakohoa, ikapungua, ikasimama kabisa.

Ukashuka. Ukajitwika sanduku, sketi yako mpya bado ina mistari ya pasi, mimi nikaanza kuisukuma pikipiki na godoro lake. Magari ya wazazi wengine yalikuwa yanatupita na watoto wanachungulia dirishani. Sikuweza kukutazama. Tukaenda hivyo kitambo, jasho linakushuka kutoka chini ya sanduku, halafu ukasema, kwa sauti ya chini kama unanisetiri mbele ya watu, "Baba, hapa nitafika mwenyewe. Wewe rudi nayo kwa mteremko."

Na mimi nikakubali. Ningeweza kuiacha pikipiki kwenye nyumba yoyote pale kando, nikalichukua sanduku, nikakufikisha langoni kama wazazi wenzangu. Nilikubali kwa sababu niliona aibu, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko wewe. Niligeuza nikateremka injini imezimwa. Nilipofika Kombani ndipo mwuza machungwa mmoja akaniuliza godoro nalipeleka wapi. Lilikuwa bado limefungwa nyuma. Nikalitazama lile godoro, nikautazama mlima, na sikupanda tena. Nilikutumia godoro na mtu Jumamosi yake.

Siku zile ulilalia nini sijawahi kukuuliza. Wewe nawe hukuwahi kusema. Uliporudi likizo ulinisalimu vizuri kama kawaida, ukauliza habari za pikipiki, nami nikakwambia ni ya dukani, imekuja mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima siku niliyoipata, na niliiharibu kwa ajili ya vigelegele vya watu ambao nusu yao hata siwajui majina.

Nimekueleza hayo ili uelewe nilivyokuwa uliponipa yako.

Kesho yake tu Chande alikuja hapa, kofia mkononi, akasema nimpe aipeleke Lunga Lunga mbio moja aifungue, arudi nayo ikiwa nyepesi. Siku hizi vijana wote wa stegi wanaamini hivyo, kwamba injini mpya ikikimbizwa mapema ndiyo hubaki na mbio maisha yake yote. Nikamkatalia. Akacheka akaniambia mimi nimezeeka. Nikamwambia ndiyo, na ufunguo nikautia mfukoni. Hapo nilikuwa sawa. Balaa langu lilianza baada ya kuwa sawa.

Kila nilipoiwasha pikipiki yako nilikuwa naona ule mlima. Nilikwenda nayo sokoni kwa gia ya pili, watu wa baiskeli wananipita wananisalimu. Nikaenda nayo msikitini. Siku nyingine nikafika nayo karibu na barabara ya lami, nikasimama, nikageuza. Nikaanza kuiacha uani, asubuhi naiwasha na kuiacha ingurume peke yake huku mimi nanywa chai, nikijiambia kuwa inajizoesha yenyewe bila kuumia. Niliifuta vumbi ambalo haikuwa imelipata. Mamako aliuliza kama nimeoa mke wa pili.

Juzi Fundi Nyawa alikuwa anapita na kamba ya mbuzi wake, akaisikia inanguruma, akaingia. Ameshakuwa mzee sasa, magoti yanamsumbua, anafanya kazi asubuhi tu. Aliizima, akangoja ipoe, akaifungua plagi akanionyesha. Ilikuwa nyeusi imejaa masizi, kwa pikipiki ambayo haijafika hata Ukunda na kurudi.

"Hamisi," akaniambia, "ile ya kwanza uliiua kwa mbio. Hii waiua kwa kuiogopa."

Akanieleza kwamba ringi haziwezi kukaa mahali pake bila kusukumwa kidogo. Injini ikikaa inanguruma tu bila mzigo wala mwendo, ukuta wa silinda unakuwa laini kama kioo, na ringi hazipati pa kushika, na mwisho wake ni ule ule moshi wa samawati. Akauliza mwenyewe anaondoka lini na anakwenda wapi. Nikamwambia. Akasema mpe aende nayo, safari ile ndiyo hasa inayoitaka. Kuna lami mpaka Kombani, kuna mlima wa Kwale, kuna miteremko, kuna tambarare ya Kinango na vumbi lake, hakuna mahali ambapo mtu atashikilia mwendo mmoja kutwa. Huyo akienda kwa busara, akasema, atakapofika Samburu injini itakuwa imeshaanza kujua kazi yake. Akaisafisha plagi kwa ncha ya kisu, akairudisha, akachukua mbuzi wake.

Hayo niliyajua nilipokuwa nakula wali jioni hii. Wiki mbili nilizozitaja mezani hazikuwa za injini.

Kwa hivyo ondoka nayo. Mizigo usiifunge. Najua mamako ameshapanga gunia la nazi, ndoo, na lile sufuria kubwa kama unakwenda kupikia maulidi. Mambo hayo yote, pamoja na godoro lako, nitayapakia mimi kesho hiyo hiyo kwenye gari la Kinango, nitayasimamia mpaka yafungwe, na safari hii godoro litafika siku moja na wewe au moja baadaye. Wewe beba mkoba wako wa dawa na nguo za kubadilisha. Injini mpya haijui kukataa mzigo, itaubeba halafu itakuonyesha baadaye.

Asubuhi ukiiwasha, iache kidogo tu, muda wa mtu kuvaa kofia na kusoma bismillahi yake. Usiiache zaidi ya hapo. Kisha ondoka taratibu, na usiende mwendo mmoja kama unafuata maiti. Panda kidogo, shuka kidogo, vuta mkono mpaka kama nusu, ulegeze, uvute tena. Itakuchosha mkono. Vumilia. Pale Ukunda utakutana na vijana wenye pikipiki za miziki, watakuona mwanamke, watataka kukupita karibu na kukupigia honi. Wapishe. Wakikungoja mbele, wapishe tena. Hata wakikusifu usiwapigie resi, nami nadhani nimekueleza vya kutosha kwa nini.

Ukifika Kombani, simama. Izime, uiache ipumue, wewe nawe ule chungwa. Ule mlima usiupande na gia kubwa ukitegemea nguvu. Ikianza kuguna tu, kabla hata ya kuomba msaada, punguza gia. Watu wengi huona kupunguza gia ni unyonge, wanashikilia gia ya juu mpaka injini inatetemeka yote, na mimi nilikuwa wa kwanza wao. Pale katikati utapaona. Kuna mkwaju upande wa kushoto na kibanda cha mkaa. Usisimame kwa sababu yangu.

Utakapofika, kabla hujamdunga ng'ombe wa mtu hata mmoja, tafuta fundi akumwagie oili ya mwanzo. Itatoka inameta, kama imetiwa unga wa fedha. Usishtuke. Ule ni unga wa vyuma vilivyokuwa vinajuana. Imwage yote, weka oili safi, mwambie akaze na nati za chini kwa sababu barabara ya vumbi itakuwa imezilegeza. Mimi ile ya kwangu sikuimwaga. Niliona ni hasara kumwaga oili ambayo bado mpya, nikaiacha na unga wake ukaendelea kusaga kila kitu. Unaona jinsi nilivyokuwa nimekamilika.

Kuna kitu kimoja nimekikumbuka sasa hivi, hakina uhusiano na injini. Wakati ule nakufundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, watu walikuwa wananisema. Wengine walinifuata mpaka msikitini kuniambia mtoto wa kike na pikipiki wapi na wapi. Sikuwajibu vizuri, nilisema tu ni mchezo wa likizo, utaisha. Hilo nalo linaniuma, nilikuwa na nafasi ya kukusemea nikaipitisha. Basi kule uwanjani nilikuwa nakimbia nyuma yako nimeshika keria, pumzi imekwisha, jasho limeniingia machoni, na wewe unayumba. Ukapiga kelele ukaniambia baba ukishika hivyo ndiyo naanguka. Nilidhani ni ujeuri wa kitoto, nikakaza zaidi. Tukaanguka wote wawili. Goti lako lina alama mpaka leo, la kwangu pia.

Sasa lile swali lako.

Ndiyo. Nilitaka usiende. Sitalizungusha. Nimeendesha watu miaka mingi, nawapakia, nawashusha, wanakwenda zao, na sikuwahi kuhuzunika kumshusha mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza ambaye nimeshindwa kumshusha. Nikatafuta sababu ya kifundi kwa sababu ndiyo lugha ambayo watu wananiheshimu nikiizungumza, na wewe uliniamini kwa heshima yako mpaka ukawa tayari kwenda kufanya kazi ya ng'ombe kwa miguu. Hapo ndipo nilipojiogopa. Ningekuona unapanda gari kesho, pikipiki yako imebaki uani kwangu, ningekuwa nimekuacha katikati ya ule mlima mara ya pili, tena safari hii nikiwa na injini nzima.

Nimechoka, Mejumaa. Si kwa sababu yako. Mikono inaniwasha usiku kwa mtikisiko wa miaka yote hii, nikishika kikombe nasikia kama bado nimeshika usukani. Mgongo unauliza kila asubuhi kama tunakwenda kweli. Nimeshamwambia mamako kwamba mwaka huu nitapunguza, nitapanda muhogo kile kishamba cha nyuma, niwe napeleka watoto wa shule tu. Nilitaka uwepo nikianza kupumzika. Nilikuwa nimeupanga huo mpango kichwani mwangu bila kukuuliza: wiki mbili, halafu ningepata sababu ya wiki nyingine, cheni au breki. Mimi nina sababu nyingi, pikipiki ni kitu chenye vipande vingi.

Usibaki. Ukibaki nitakuzoea uko hapa na nitaanza kukulaumu kwa vitu vyangu.

Na kama utaiharibu njiani, kama ghadhabu ya leo itakuingia mkononi ukaivuta kwa hasira mpaka iungue kule Kinango, itakuwa ni injini, ringi zinauzwa, Nyawa bado yuko hai. Nipigie simu uniambie, Baba, nimeiua mimi. Utaniambia tu hivyo, na mimi nitacheka, nitakuja na gari nikiwa na spana. Sitaki uje ukae na kitu kama hicho peke yako miaka na miaka, ukiwagombeza watu wasiokukosea. Mimi nimejua kinavyomla mtu.

Chande na wenzake walikuwa wamepanga kukusindikiza kesho mpaka Kombani, honi na resi, wewe mbele kwa kuwa yako ndiyo mpya. Walishanunua na leso. Nimewaomba wasije. Chande amekasirika, ameniambia, "Wamnyima mtoto furaha yake," na huenda ni kweli, lakini nimemwambia waje wakupe mkono hapa nyumbani kwa miguu yao kama watu wazima. Kama hukupenda nilivyoamua hilo, nigombeze ukifika. Leso nimemwambia amletee mamako.

Ufunguo nimeuweka juu ya barua hii. Petroli imejaa, cheni nimeitia mafuta, na matairi nimeyapima mara tatu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Alfajiri sitakuwepo nyumbani. Nikiwepo nitaikagua breki, kisha kioo, kisha nitasema hili tairi silielewi, na jua litatoka tuko hapo hapo uani. Nitakwenda kusali, na nikishasali nitakaa kwenye baraza ya msikiti pale kando ya barabara, na wenzangu wakiondoka sitaondoka. Nitaisikia ikitoka kwetu. Nitakusikia ukibadilisha gia pale kwenye kona, na nitajua kama barua umeisoma yote au umeruka katikati. Nitakuombea yale ambayo baba huomba, sitayaandika.

Ukipita hapo usisimame kunisalimu. Nimesimamisha watu wengi sana kando ya barabara katika maisha yangu. Wewe pita.

Babako,
Hamisi